Canon M50 kwenye jua na kumbi za Mtwara: usimalize hela yote kwenye kamera

Kila mwaka hela ya korosho ikianza kuingia, harusi zinafuatana mjini hapa, na vijana wanaotaka kuingia kwenye kazi ya picha wanaanza kunipigia simu. Swali lao huwa moja: "Kaka, nichukue ile Canon ndogo, au nijibane mpaka nipate kubwa?" Ndogo wanayoisema ni EOS M50, kamera isiyo na kioo ndani, zile tunazoziita mirolesi. Ilitoka mwaka 2018 na siku hizi wanaoiuza ikiwa imetumika ni wengi. Nimeifanyia kazi Mtwara, Mikindani na vijiji vya Newala, jua kali na usiku wa giza. Ninachowaambia ni hiki: ichukue, lakini usimalize hela yote kwenye kamera. Bakiza ya lenzi.

Nianze na kilichonifanya niipende. Harusi moja walitaka picha Mikindani, nje ya Boma, lile jengo la Wajerumani la mwaka 1895. Saa saba mchana, ukuta mweupe, gauni jeupe, na bibi harusi mwenyewe mweusi wa kung'aa. Kamera yoyote ikiona weupe mwingi namna ile hudhani mwanga umezidi, inaupunguza. Nilipiga picha mbili tatu za haraka, shangazi yake akaja kuchungulia kwenye skrini. Akaniambia, "Mwanangu, gauni nimeliona. Mtoto wetu yuko wapi?" Alikuwa na haki. Uso ulikuwa umezama kabisa.

Kwa kamera ya zamani yenye kioo ningebahatisha, nipige, nitazame, nirudie. Mirolesi ina skrini ndogo ndani ya kijidirisha cha kuchungulia, na unachokiona mle ndicho kitakachotoka kwenye picha. Niliweka jicho, nikapandisha mwanga taratibu huku namtazama bibi harusi, mpaka nikaona mashavu yake, hina ya vidoleni na kipini cha puani. Hapo nikabonyeza. Jua la saa saba hufanya skrini ya nyuma isionekane chochote, kwa hiyo kijidirisha hicho kwetu pwani si pambo. Kuna kamera za bei ya chini zilizotengenezwa bila hicho kijidirisha. Kwa kazi ya huku sikushauri uzinunue.

Fokasi yake kwa picha za kawaida ni nzuri. Inatafuta uso yenyewe na kuushika. Skrini inafunguka na kugeuka, ukikaa chini kumpiga mtoto huna haja ya kulala mchangani. Ina tundu la maiki. Na ni nyepesi: kamera na lenzi yake ya 15-45mm kwa pamoja ni kama nusu kilo. Anayesimama na kamera kuanzia asubuhi bibi harusi anapopambwa mpaka wageni wanapoondoka usiku anajua nusu kilo maana yake nini shingoni.

Sasa usiku. Hapa ndipo wengi wanaponirudia wakilalamika kwamba wameuziwa kamera mbovu, na kamera wala haina ubovu. Hiyo lenzi ya 15-45mm ukiivuta mpaka mwisho, tundu lake la mwanga haliwezi kufunguka zaidi ya f/6.3 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Ukumbini taa ni za zambarau na kijani, maharusi wanalishana keki, unawavuta karibu ili uupate mkono na kicheko. Kamera inakosa mwanga, inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kuhisi mwanga, mpaka 6400 au zaidi, na nyuso zinajaa chembechembe kama zimemwagiwa mchanga. Ukikataa kupandisha ISO, shata, lile pazia la kuingiza mwanga, inachelewa kufunga na mkono wa bwana harusi unatoka ukungu. Kamera hii haina kitulizo cha mtikisiko kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, na hata ingekuwa nacho kisingemzuia bwana harusi kusogea.

Kilichonitoa hapo ni lenzi ndogo ya 22mm yenye f/2. Haivuti, ukitaka karibu unasogea kwa miguu. Lakini ukilinganisha f/2 na ile f/6.3, inaingiza mwanga karibu mara kumi. Mara kumi! Hiyo ndiyo tofauti ya kupiga ISO 640 badala ya 6400. Sigma, kampuni nyingine ya lenzi, nao walitoa 30mm ya f/1.4 inayoingia kwenye kamera hii, nzuri zaidi kwa nyuso, ila ni kubwa na bei yake imechangamka. Kijana mwenye M50 na lenzi ya f/2 atamshinda usiku mwenye kamera ya bei mara mbili aliyebaki na lenzi ya kwenye boksi. Nimeliona hilo kwa macho yangu, ukumbi mmoja, usiku mmoja.

Video: piga ya kawaida, 1080. Neno 4K, yaani video kali kuliko hiyo ya 1080, limeandikwa kwenye tangazo na wateja wanalipenda, lakini ukiiwasha kamera hii inakata pande zote za picha, chumba cha bibi harusi hakiingii, na ule mfumo wake mzuri wa fokasi haufanyi kazi.

Betri ni ndogo. Kwa kipimo cha kiwandani inatoa picha kama 235, na harusi yetu haiishi na picha 235. Kibaya zaidi, haichajiki kwa waya wa pawabenki. Lazima betri itoke iende kwenye chaja, na chaja inataka umeme. Ukienda kijijini siku mwali anatolewa nje, nenda na betri nne zilizojaa. Mimi nilikwenda na mbili, na ngoma ilipochanganya, betri ya pili ikazima. Zile dakika hazirudi, na mama wa mwali hakuwa na mwali mwingine wa kumtoa.

Halafu vumbi. Ukitoa lenzi, sensa iko wazi mbele yako, hakuna kioo cha kuikinga. Nilibadilisha lenzi ufukweni Msimbati upepo ukivuma, na picha zote zilizofuata zilikuwa na kidoa kilekile angani. Sasa nabadilishia ndani ya gari vioo vikiwa juu, au naipa upepo mgongo, kamera inaangalia chini. Nunua pampu ya mpira ya kupuliza. Usipulize kwa mdomo, mate hufika. Chumvi ya bahari nayo ifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo kabla hujalala, maana kwa matengenezo makubwa mimi hulazimika kuituma Dar kwa basi.

Jambo la mwisho kabla hujatoa hela. Canon wameiacha familia hii ya M. Kamera zao mpya kama R50 ya mwaka 2023 zina mdomo mwingine, na lenzi za M haziingii huko. Ndiyo maana M50 imeshuka bei, na ndiyo maana usijaze kabati lenzi za M. Moja au mbili zinatosha. Ukitaka lenzi ya kuvuta mbali, tafuta ya EF ya zamani, zile za kamera za Canon zenye kioo, na adapta ya kuiunganisha na M50. Lenzi hiyo utahama nayo siku ukinunua kamera ya R, ila kwa adapta nyingine.

Ukienda kuikagua kwa muuzaji, itoe lenzi utazame sensa, kisha irudishe, funga tundu mpaka f/22 na upige anga tupu. Ikuze picha, ipitie kona kwa kona ukitafuta madoa. Geuza skrini pande zote uone kama inazima njiani. Omba chaja yake, si maneno kwamba chaja zipo madukani. Kama hataki kukupa dakika tano za kufanya hayo, mrudishie kamera yake.