Swali la lugha: Je, empaako ni jina la utani?

SWALI: Mwalimu, nimefungua akaunti kwenye intaneti, na simu yangu nimeiweka kwa Kiswahili. Fomu inataka "jina la kwanza", "jina la mwisho" na "jina la utani". Mimi ni Mtooro wa magharibi mwa Uganda, na empaako yangu, yaani jina la heshima tunalopewa juu ya majina yetu mengine, ni Adyeri. Mdogo wangu anasema niiandike penye utani, lakini nafsi inakataa. Kwa Kiswahili empaako tuiiteje? – Msomaji, Fort Portal

JIBU: Isikilize nafsi yako, dada. Utani una wenyewe. Mtani ana ruhusa ya kukucheka hata msibani, na jina la utani huzaliwa humo humo: mrefu akaitwa Twiga, likamganda mpaka uzeeni, apende asipende. Empaako haimchezei mtu. Mtoto wa Kitooro akimwita baba yake Araali amemheshimu. Akimwita kwa jina lake la ubatizo, hapo ndipo pana kesi.

Wapo watakaokupa neno "lakabu". Hilo limekaribia, ila lakabu humfuata mtu mmoja kwa sifa zake. Rashidi Kawawa ndiye Simba wa Vita, hakuna wa pili. Empaako ziko 12 tu, na ndizo hizo hizo kwa Watooro, Wanyoro, Watuku, Watagwenda na Wanyabindi wote. Abwoli anaweza kuwa mzee wa miaka 80 au binti wa chekechea. Okaali peke yake ndiyo iliyotengewa mfalme.

Ukibanwa na mgeni ueleze, mwambie ni "jina la sifa". Hutakuwa umekosea, maana neno lenyewe hunasibishwa na "pak" ya Kiluo, yaani kusifu. Lakini maelezo ni maelezo tu; katika sentensi andika empaako, katika ngeli ya I-ZI: empaako yangu, empaako zetu, mtoto amepewa empaako. Ile "e" ya mbele usiidondoshe. Najua Kiswahili hupenda kuzikata irabu hizo, lakini hapa ukikata utabaki na "mpako", na huo ni kazi ya fundi na ukuta wake.

Sasa hiyo fomu. Hata "jina la mwisho" si letu. Ali bin Juma wa pwani, Juma ni baba yake, si jina la ukoo. Na hapa Uganda watoto wa tumbo moja hutofautiana majina yote, wala hakuna anayeshangaa. Visanduku vile vilichorwa kwa ajili ya watu wa kwingine, kisha vikafasiriwa neno kwa neno, na sisi tunajikunja tuenee. Empaako iliingizwa na UNESCO mwaka 2013 katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, sababu mojawapo ikiwa kufifia kwa lugha yake. Fomu isiyo na mahali pa kuiandika haisaidii.

Lakini sitaitupia intaneti lawama zote. Nilialikwa Kampala kwenye sherehe ya kumpa mtoto empaako. Desturi inataka mashangazi wampokee mtoto, wamkague uso, waone amefanana na nani katika ukoo. Mkuu wa ukoo ndiye hutangaza, kisha ugali wa ulezi huliwa na nyama ya ng'ombe ya kukaushwa kwa moshi. Shangazi mmoja alikuwa London, akatumiwa picha. Simu ilikuwa imeulainisha uso wa mtoto ukawa kama yai. Akapiga video akifoka: "Nionyesheni pua, hii si pua ya kwetu!" Ilibidi mtoto apelekwe dirishani, simu ikasogezwa mpaka karibu imguse, ndipo akaridhika: pua ya marehemu babu, kwa hiyo Apuuli.

Tangu siku hiyo nimo katika kundi la WhatsApp la ukoo ule. Kila asubuhi ni salamu za empaako mtindo mmoja, hata kwa vijana ambao Kitooro chao ni hicho hicho tu. Tatizo ni kwamba akina Apuuli wamefika wanne, na nikiitika sijui nimemwitikia yupi.

Penye jina la utani acha wazi, dada. Adyeri iandike katika kisanduku cha kwanza, mbele ya jina lako.