Bibi Shamba Anajibu: Kuni za Mahindi

*Shikamoo Bibi Shamba. Ninalima mahindi Mbozi. Msimu uliopita nilikopa nikanunua pawatila, nikaongeza eka tatu, na bei ikaanguka palepale. Kijana wangu wa sekondari ananiambia eti hata wakulima wa Marekani waliwahi kufilisika hivi, mpaka wakachoma mahindi jikoni badala ya kuni. Nimemwambia aache uongo. Nani yuko sahihi?*
– Baba Neema, Mbozi

Marahaba, Baba Neema. Kamwombe kijana radhi.

Miaka ya 1980 nilipelekwa kusoma Ames, katika jimbo la Iowa, nikapanga chumba kwa mama mmoja mjane aliyezaliwa na kukulia shambani. Siku moja alinikuta nimeinama naokota punje za mahindi zilizomwagika jikoni kwake. Akacheka, akasema baba yake mwaka 1932 alikuwa akiyatia jikoni kwa beleshi. Nilidhani ananitania. Akavuta kiti, tukapiga hesabu. Bushel moja ya mahindi, kama kilo 25, kwao ilikuwa imeshuka hadi senti kumi na kitu. Kwa kipimo chetu, gunia la kilo 90 lisingefika nusu dola. Makaa ya mawe yalitaka fedha mkononi, na fedha hawakuwa nazo. Mahindi yalikuwa yamejaa mpaka hayana pa kukaa. "Nyumba nzima ilinukia bisi," aliniambia, "na mama alifungua madirisha baridi ile yote ikaingia, kwa sababu hakutaka kuinusa."

Watu hudhani balaa lile lilianza na anguko la soko la hisa la 1929. Mkulima alikuwa ameshaumia miaka tisa kabla, na kilichomponza ni bei nzuri. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Ulaya ilikuwa hailimi, ikipigana. Serikali ya Marekani ikaweka bei ya uhakika ya ngano, zaidi ya dola 2 kwa bushel, ikabandika matangazo kwamba chakula ndicho kitakachoshinda vita. Nani angekataa? Watu wakaweka rehani mashamba yao ili wanunue ya jirani. Iowa, bei ya eka moja ilipanda zaidi ya mara mbili kati ya 1910 na 1920. Wakanunua na matrekta. (Hili sikuwahi kuliwaza nilipokuwa afisa ugani: farasi naye anakula. Farasi walipopungua, mamilioni ya eka zilizokuwa zikiwalisha zikaanza kutoa mazao ya kuuzwa, na soko lilikuwa limeshafurika.) Katikati ya 1920 bei ya uhakika ikaondolewa, Ulaya ikarudi shambani, na ngano ikaporomoka.

Gunia la kilo 90 la ngano lililompa mkulima dola 7 hivi mwaka 1919 lilimpa dola moja na robo tu mwaka 1932. Deni halikushuka hata senti. Aliyekopa dola 1,000 mwaka 1919 alikopa magunia 140. Akija kulipa 1932 anadaiwa magunia 800, hapo riba hujaigusa. Basi kila mmoja akaona dawa ni kulima zaidi ili azibe pengo. Wakalima wote, bei ikazidi kushuka.

Na wewe, Baba Neema, umeongeza eka tatu. Haya, tuendelee.

*Bibi Shamba, habari za huko? Nimeona picha ya zamani ya mnada wa shamba Marekani: wanaume wamejazana uani, na kitanzi cha kamba kinaning'inia kwenye banda. Walikuwa wanamnyonga nani?*
– Msomaji, Eldoret

Njema. Hapakunyongwa mtu. Kamba ile ni salamu kwa mgeni aliyekuja na pesa zake akidhani atapata ng'ombe wa bei poa.

Benki ilipopeleka mali ya mkulima mnadani, majirani walikuja mamia kwa mamia. Dalali anamtoa farasi: mmoja anataja senti kumi, wengine kimya. Plau, senti tano. Mtu asiyejua mambo akipandisha bei, anahisi mkono mzito begani, kisha anaangalia banda, anaiona kamba, anakumbuka ana shughuli kwingine. Jioni majirani wanachanga zile senti, wanamrudishia mwenyewe kila kitu, na benki inaondoka na chenji. Mnada mmoja wa Elgin, Nebraska, mwaka 1931 uliingiza dola 5.35 kwa jumla. Wenyewe waliiita minada ya senti.

Mimi naipenda hadithi hii, lakini nisikufiche upande wake mwingine. Agosti 1932 wakulima wa Iowa, wakiongozwa na Milo Reno, walifunga barabara za kuingia Sioux City wakizuia mazao yasifike sokoni mpaka bei ipande. Maziwa yalimwagwa barabarani. Aprili 1933, katika mji wa Le Mars hukohuko Iowa, walimtoa jaji mahakamani wakamtia kitanzi shingoni, kwa kuwa alikataa kuapa kwamba hatatia saini tena amri za kunyang'anya mashamba. Walimwachia hai. Gavana akaleta askari.

Hata hivyo vitisho vilifika palipotakiwa. Mwaka uleule majimbo kadhaa, Iowa na Minnesota yakiwemo, yalipitisha sheria za kuahirisha ukamataji wa mashamba, na mwaka 1934 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema ile ya Minnesota ni halali.

*Ni kweli serikali yao iliwalipa watu wasilime? Sisi wa pamba tungeipenda sana hiyo.*
– Mzee wa Pamba, Bariadi

Ni kweli, mzee wangu, shikamoo. Mei 1933 serikali ya Rais Roosevelt ilipitisha sheria ya kupunguza mazao ili bei ipande. Pamba ilikuwa imeshaota, kwa hiyo eka kama milioni 10 zilipinduliwa kwa plau zikiwa na miche. Nguruwe wapatao milioni 6, wengi wao wachanga, walichinjwa, wakati mijini watu wamepanga foleni za supu. Bei zilipanda, hilo nalo tuseme.

Lakini usiipende upesi. Kule Kusini walioshika jembe wengi hawakuwa na ardhi. Walilima ya tajiri kwa kugawana mavuno, weusi na weupe. Hundi ya malipo ya serikali ilipelekwa kwa mwenye ardhi. Wengi wa matajiri hao waliitia mfukoni, na kwa kuwa eka zimepungua wakawafukuza waliokuwa wakizilima. Julai 1934 waliofukuzwa na waliosubiri kufukuzwa walikutana Tyronza, Arkansas, wakaunda chama kimoja, weusi kwa weupe, huko Kusini ambako hata kula meza moja kulihesabiwa kosa. Walipigwa na kupigwa risasi kwa sababu hiyo. Siku hizi nikisikia ruzuku, swali langu la kwanza ni jina lililoandikwa kwenye hundi.

*Bibi Shamba, umemtaja huyo mama mwenye nyumba wa Ames. Shamba la kwao lilinusurika?*
– Zuhura, Tanga

Halikunusurika, mwanangu. Sheria ya kuahirisha iliwakuta wameshachelewa, likachukuliwa na kampuni ya bima iliyoshika rehani. Wakati ule kampuni za bima zilijikuta na mashamba mengi ya Iowa zisiyojua kuyalima, basi kampuni ikampangisha baba yake. Akalima shamba lilelile, kwa farasi walewale, akimpelekea mwenye mali sehemu ya mahindi kila mavuno. Mama yule alinipitisha hapo kwa gari mara moja. Hakusimama. Alinionyesha kwa kidole mti wa tufaha nyuma ya nyumba, akasema wao walikatazwa kuchuma mwaka wa kwanza, mpaka ikajulikana matufaha ni ya nani.