Kina Bibi Wapelelezi: Mbona Filamu Ni Tano Tu?

SWALI: Nimenunua diski za tamthilia ya zamani ya Marekani iitwayo The Snoop Sisters, ambamo kina bibi wawili huwatafuta wauaji. Nimekuta filamu tano tu. Je, nimepunjwa? Na ni kweli kwamba tamthilia hiyo ndiyo iliyozaa Murder, She Wrote?

JIBU: Hukupunjwa, ndugu msomaji, tamthilia nzima ndiyo hiyo. Filamu ya kwanza ilirushwa na kituo cha televisheni cha NBC mwezi Desemba 1972, na nyingine nne zikafuata katika msimu wa 1973 na 1974. Wakati huo NBC ilikuwa na utaratibu wa kurusha tamthilia kadhaa kwa zamu katika usiku mmoja wa wiki, na hii ilipokezana na Banacek, Tenafly na Faraday and Company, hivyo mtazamaji aliyewapenda kina bibi hao alilazimika kusubiri wiki kadhaa ndipo awaone tena. Msimu wa pili haukuwepo.

Kuhusu uzazi, mimi nasita kukubali, kwa kuwa Murder, She Wrote, tamthilia ya mpelelezi Jessica Fletcher iliyoanza mwaka 1984 katika kituo cha CBS, ilibuniwa na watu wengine kabisa: Peter S. Fischer, Richard Levinson na William Link. Kweli, pande zote mbili mpelelezi ni mwanamke mwenye umri anayeandika riwaya za mauaji, lakini hapo wote ni wajukuu wa Miss Marple, bibi mpelelezi katika riwaya za Agatha Christie. Hata waigizaji wenyewe walipita mlango huo: Angela Lansbury, ambaye ndiye Jessica, aliigiza Miss Marple mwaka 1980, na Helen Hayes, ambaye ndiye Ernesta katika diski zako, akamwigiza mwaka 1983.

Tofauti yao iko katika mwendo wa hadithi. Jessica Fletcher hufikiri peke yake, ilhali Ernesta na nduguye Gwendolyn hufikiri kwa kubishana, mmoja akijitosa na mwenzake akimfuata huku akilalamika. Jina lao la ukoo lenyewe, Snoop, kwa Kiingereza ni kuchungulia yasiyokuhusu. Mpwa wao, Luteni Ostrowski wa polisi, amewawekea dereva aliyewahi kufungwa, Barney, ili awazuie wasijiingize hatarini, naye huishia kuwapeleka kulekule walikokatazwa. Usiiruke ile filamu yenye mambo ya ushetani, ambamo mwanamuziki wa roki Alice Cooper anatokea. Kuwaona mabibi hawa katika ulimwengu wake kunatosha kuhalalisha bei ya diski.

Mildred Natwick, yule Gwendolyn, alishinda Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, mwaka 1974 kwa kazi hiyo fupi, akimshinda hata Hayes mwenzake. Lansbury aliigiza vipindi 264 vya Murder, She Wrote, akateuliwa kuwania Emmy katika kila msimu kati ya misimu 12, na hakuipata hata mara moja.