Kabla hujafunga bampa la chuma, pima pua ya gari

Watu wakiliona bampa la chuma kwenye pikapu yangu, swali huwa lile lile: kulifunga ni kazi ngumu? Kulifunga si shida. Watu wawili wenye nguvu, jeki na seti ya spana, mkianza asubuhi jioni gari linatembea. Shida ni ule uzito unaobaki pale mbele baada ya spana kurudi kwenye boksi.

Piga hesabu. Bampa la kilo 60 na winchi (mashine ya kuvutia gari likikwama) ya kilo 35 ni kilo 95. Toa lile la kiwandani, tuseme kilo 15, umeongeza 80. Lakini mzigo huo haukai juu ya ekseli, unaning'inia mbele yake. Kama umekaa sentimita 90 mbele ya ekseli, na kati ya ekseli mbili kuna mita 3, ekseli ya mbele inaongezewa kilo 104, wala si 80, na ya nyuma inapunguziwa 24. Shika ndoo ya maji huku umenyoosha mkono, utanielewa. Ndiyo maana pikapu tupu yenye bampa zito huinamisha pua, na kwenye tope tairi za nyuma huanza kuteleza mapema.

Kwa hiyo, kabla hujalipia chochote, soma kibati cha uzito. Magari mengi huwa nacho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na chenye maelezo kamili huonyesha kikomo cha kila ekseli. Kisha chukua futi, upime kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, uandike. Ukishafunga, pima tena. Langu lilishuka karibu sentimita tatu, na kila nikikanyaga breki pua ilipiga magoti. Niliweka springi za koili zilizotengenezwa kwa uzito huo, na shokapu za kuendana nazo.

Hapa mafundi wengi watakupa njia ya mkato: spesa, yaani kipande cha kujazia, juu ya springi ya zamani. Ikataeni hiyo. Spesa huinua kimo tu, springi inabaki laini vile vile. Ni hivyo hivyo kwa pikapu zenye vyuma vya kujisokota badala ya koili: ukivikaza pua inapanda, lakini ugumu haujaongezeka, na gurudumu linabaki na nafasi ndogo ya kushuka likipita shimoni. Fundi akikwambia "nitakuinulia kidogo tu, bosi", muulize anaongeza kimo au anaongeza ugumu.

Jambo la pili ni mifuko ya hewa, ile inayofumuka kukukinga gari likigongwa. Sensa za mgongano mara nyingi ziko huko huko mbele, na kompyuta ya gari imefundishwa jinsi pua ya kiwandani inavyobonyea ikigongwa. Bampa gumu hubadilisha jinsi pigo linavyofika kwenye chesisi. Nunua lililotengenezwa kwa aina na mwaka wa gari lako, na mtengenezaji awe ametamka kwamba linafanya kazi na mifuko ya hewa. Lililochomelewa kwa kukisia, hata liwe na sura ya kibabe kiasi gani, mimi silifungi. Uliza pia sheria za unakoendesha, kwa sababu chuma kigumu humuumiza zaidi mtembea kwa miguu, na zipo nchi zinazoyabana mabampa ya namna hiyo. Kama gari lina rada ya breki za dharura, lazima bampa liiachie nafasi ya kuona, na baadaye rada irekebishwe kwa mashine.

Siku ya kazi, chomoa betri na usubiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kugusa nyaya zozote za pale mbele. Piga picha za kila plagi. Jioni kumbukumbu huwa inadanganya. Libebeni bampa juu ya jeki yenye blanketi, ingizeni bolti zote kwa mkono, na msikaze hata moja mpaka limekaa sawa pande zote. Acheni milimita 10 hadi 15 kati yake na madigadi. Najua upenyo mwembamba unapendeza zaidi, lakini bodi imekalia mipira na chesisi hujipinda peke yake barabara ikiharibika, na bampa likigusa litakula rangi.

Bolti ziwe zile zilizokuja na bampa, au zenye daraja lile lile kichwani, 8.8 au 10.9. Zile za kuokota kwenye kopo la fundi ziendelee kukaa kwenye kopo. Kaza kwa spana yenye kipimo, kwa nguvu iliyoandikwa kwenye maelekezo, kisha chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma.

Springi mpya zikishakaa, peleka gari alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, na urekebishe taa za mbele, maana kimo kikibadilika mwanga nao huhama, na dereva anayekuja mbele yako ndiye atakayeumia macho. Baada ya kilomita mia kadhaa ingia chini ya gari na tochi. Mstari wa rangi ukikuta umeachana, nati imezunguka: kaza upya, na ukaangalie tena wiki inayofuata.