Gitaa moja, mitindo minne: kurekodi ukiwa Mombasa

Mpiga gitaa wa Mombasa anayetaka kula kwa kazi hii hawezi kung'ang'ania roki peke yake. Hotelini wanataka rumba na chakacha, harusini muziki wa bango, na anaporudi nyumbani yeye ndiye prodyuza. Gitaa lenye humbaka, yaani pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) ya koili mbili, upande wa daraja, na pikapu mbili za koili moja juu yake, linabeba yote hayo. Kinachowaangusha wengi ni hewa ya bahari na umeme.

Tuanze na chumvi. Seti ya nyuzi za nikeli, unene wa elfu 10 hadi 46 za inchi, huku pwani hushika kutu upesi, na uzi wenye kutu hautulii kwenye tyuni. Ukimaliza kupiga, futa kila uzi juu na chini kwa kitambaa kikavu cha pamba. Gitaa lilale ndani ya kesi na vifuko viwili vitatu vya silika ya kunyonya unyevu. Kulitundika ukutani ni pambo la sebule za bara. Tundu la waya likianza kukwaruza, lisafishe kwa dawa ya viungio vya umeme. Mafuta ya kulegeza kutu usiyapulizie vitufe vya sauti, huacha utando unaonata vumbi.

Mngurumo nao una asili yake: umeme wetu ni wa hezi 50, na pikapu ya koili moja huunasa pamoja na masafa yaliyo mara mbili, mara tatu yake, yaani 100 na kuendelea. Zima taa za mirija, kaa mbali na skrini, kisha geuka polepole na gitaa mpaka upate upande uliotulia. Chomoa chaja ya laptopu. Kukinyamaza, mchawi ni chaja, basi rekodi kwa betri. Mguu wa ethi kwenye plagi usiukate kamwe, hata fundi akikwambia mngurumo utaisha: ndio unaokulinda nyuzi zisikupige shoti ya volti 240.

Wakati wa kurekodi, chukua njia mbili kwa pamoja: maiki mbele ya spika, na njia safi kutoka kwenye gitaa kupitia kisanduku cha DI, kinachopeleka mlio wa gitaa moja kwa moja kwenye kurekodi bila spika wala maiki. Ile safi ni akiba. Mteja akigeuza nia, unaipitisha kwenye programu inayoiga ampu bila kupiga upya. Maiki kama Shure SM57 ikae sentimita 3 hivi kutoka kitambaa cha spika, ikilenga pale kikombe cha katikati kinapokutana na koni. Katikati kabisa mlio unachoma masikio; ukiisogeza nje sentimita 2 unanenepa. Sogeza maiki kwanza, ikwalaiza (kurekebisha besi na ukali) baadaye. Tumia biti 24, vilele vya sauti vikome karibu na desibeli -12, kwani vikigonga sufuri mlio unapasuka na hautengenezeki.

Distoshani (mkwaruzo wa makusudi wa gitaa) ipunguze chini ya ile ya jukwaani, maana gitaa mbili zikipandana ukali huongezeka. Na zipigwe mara mbili kweli, moja kushoto, moja kulia. Kunakili rekodi ileile upande wa pili hakupanui kitu, kunaongeza ukubwa tu katikati. Halafu kata masafa ya chini ya hezi 80; uzi mnene wa E uko hezi 82, chini ya hapo mwachie besi.

Njia safi haisikii pangaboi wala honi za tuktuk, kwa hiyo gitaa piga mchana. Mwimbaji mpange baada ya isha, pangaboi likiwa limezimwa.