Simu yako iligharimu kiasi gani kabla hujailipia?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: pesa ya simu inakwenda wapi? Tumechagua sita. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu nyingine zinaiegemea.

Nimesoma kwamba iPhone iliyouzwa dola 999 ilitengenezwa kwa dola 370 tu. Ina maana dola 629 zote ni faida? Huu si unyang'anyi? S.M., Dar es Salaam

Hesabu uliyosoma ipo kweli, ila haijibu swali unalouliza. Ni ya iPhone X ya GB 64, iliyoingia sokoni Novemba 2017. Kampuni ya IHS Markit iliifungua skrubu kwa skrubu na kukadiria bei ya kila kitu kilichokuwa ndani: kioo pamoja na tachi dola 110, bodi ya nje ya chuma na vioo vyake dola 61, kamera na vihisi vya kutambua uso dola 16.70, na kuendelea mpaka jumla ikafika dola 370.25. Kampuni nyingine, TechInsights, ilifungua simu hiyohiyo ikapata dola 357.50. Kwa hiyo hata wajuzi wa kazi hii wanakadiria. Mwaka 2015 Tim Cook wa Apple aliwaambia wawekezaji kuwa hajawahi kuona makadirio ya namna hii yanayokaribia ukweli. Muuzaji hawezi kusema vingine, lakini vitabu vyake vya hesabu viko wazi, na hapo ndipo pa kumpimia.

Kama vifaa ndivyo gharama peke yake, kwenye kila dola 100 za mauzo zingebaki 63. Katika mwaka wa fedha 2017 Apple ilitangaza faida ghafi, yaani kinachobaki ukitoa gharama ya bidhaa yenyewe lakini kabla ya gharama nyingine za kampuni, ya 38.5 kwa kila 100. Mwaka 2024, kwa vifaa peke yake bila huduma, ilikuwa 37.2. Basi kuna kama dola 25 katika kila 100 ambazo bisibisi haizioni. Humo mna nauli ya ndege, kalibu na mitambo inayotumika kwa toleo moja kisha ikapitwa na wakati, na simu zinazorudishwa zikiwa bado na warranti. Mna pia punguzo la wauzaji, maana mwenye duka hanunui kwa 999. Na mna mrabaha wa hataza, ambao wengi hawaujui.

Huo mrabaha uangalie kwa karibu. Simu ikitumia 5G, lazima iwalipe walioibuni teknolojia hiyo, hata kama chipu zao hazimo ndani. Kwa viwango walivyovitangaza wenyewe, Qualcomm hudai asilimia 3.25 ya bei ya mtengenezaji, ikihesabiwa mwisho dola 400, yaani isizidi dola 13. Ericsson hufika dola 5, Nokia euro 3, Huawei dola 2.50. Wakubwa hupatana bei ya chini, lakini kwa viwango hivyo ni zaidi ya dola 20 kabla mtengenezaji hajanunua hata skrubu moja.

Ukishatoka kwenye faida ghafi, bado kuna utafiti na usanifu. Mwaka 2024 Apple ilitumia dola bilioni 31.4 huko, katika mauzo ya bilioni 391. Ikishatoa matumizi yote na kodi, kampuni nzima ilibakiwa na kama dola 24 kwa kila 100, mapato ya huduma yakiwemo. Hiyo ni faida nono na hatuna sababu ya kuitetea. Ila ni 24, si 63.

Sasa linganisha na Xiaomi, ambayo kwenye simu faida yake ghafi mwaka 2024 ilikuwa 12.6 kwa kila 100, hata kabla ya mishahara ya ofisi na matangazo. Kampuni ya Transsion, yenye Tecno, Infinix na itel, imekuwa ikicheza kati ya 20 na 25. Kwa kipimo hicho cha kiasi gani cha pesa yako kimo ndani ya simu yenyewe, simu za bei ya kati ndizo zinazomfaa mnunuzi.

Mimi niko Machakos. Tuliambiwa simu zikiunganishwa Athi River zitakuwa bei ya chini kabisa. Mbona bado elfu saba na zaidi? J.K., Kenya

Kwa sababu kuunganisha ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Watafiti Yuqing Xing na Neal Detert waliipigia hesabu iPhone 3G mwaka 2010: gharama ya kuitengeneza dola 178.96, na katika hizo kazi ya kuiunganisha China ilikuwa dola 6.50. Samsung Galaxy S8 ya 2017 ilikadiriwa kugharimu dola 307.50, kiwanda kikichukua 5.90. Hata ukimpata fundi wa bure, umeokoa dola tano au sita. Kioo, chipu, betri na kumbukumbu vinatoka Asia kwa bei ileile, uvifunge Shenzhen au Athi River.

Faida ya Athi River iko kwenye kodi. Chukua simu iliyoingia Kenya ikiwa nzima, thamani yake pamoja na bima na nauli KSh 10,000, kwa viwango vya katikati ya 2023. Ushuru wa forodha asilimia 25 ni 2,500. Ushuru wa bidhaa asilimia 10 unatozwa juu ya 12,500, yaani 1,250. VAT asilimia 16 inatozwa juu ya 13,750, yaani 2,200. Ongeza ada ya tamko la uagizaji asilimia 2.5, ambayo ni 250, na tozo ya reli asilimia 1.5, ambayo ni 150. Jumla ya kodi ni 6,350. Simu ya elfu kumi imekuwa 16,350 na bado hajaigusa muuzaji wa jumla. Viwango huguswaguswa kila bajeti ya Juni, kwa hiyo angalia vya mwaka wako, lakini mpangilio ni huo: ushuru unapanda juu ya ushuru.

Kiwanda cha EADAK, ndicho hicho cha Athi River, kilipozinduliwa Oktoba 2023, simu yake ya Neon Smarta ilitoka kwa KSh 7,499 na Neon Ultra kwa 8,999. Kwa dola ya wakati ule, karibu shilingi 150, Smarta ilikuwa dola 50. Ile ahadi ya Rais Ruto ya simu ya chini ya dola 40 ingehitaji vifaa vyenyewe vishuke bei, na hilo haliamuliwi Athi River.

Wasomaji wa Tanzania wataikumbuka hadithi yao. Bajeti ya 2021/22 iliondoa VAT kwenye simu janja, na mwaka uliofuata msamaha ukafutwa. Kodi ikishuka, bei ya dukani si lazima ishuke nayo: mzigo uliopo ghalani ulishalipiwa kodi ya zamani, na mwenye duka akiona wateja bado wananunua kwa bei ya jana hana haraka ya kubadili kibandiko cha bei.

Kioo cha simu yangu ya laki sita kimepasuka. Fundi wa kwanza ametaja laki mbili na nusu, wa pili laki moja, wa tatu elfu sabini. Nani mkweli? R.A., Dodoma

Inawezekana wote watatu, kwa sababu kila mmoja anakuuzia kitu chake. Kwanza jua kwa nini hata bei ya halali inauma. Kiwanda kinanunua vioo kwa mamilioni. Spea inaagizwa mojamoja, ni kitu cha kupasuka njiani, inalipiwa kodi, na muuzaji analazimika kuweka ya kila toleo huku nusu yake ikikaa mwaka bila mteja. Hata mtengenezaji mwenyewe hakuonei huruma: kile kioo cha iPhone X cha dola 110, Apple ilikibadilisha nchini Marekani kwa dola 279 kama simu haina bima.

Sasa mafundi wako. Laki mbili na nusu huenda ni kioo kamili cha OLED, ambacho kila nukta hujitolea mwanga wake, pamoja na fremu yake. Laki moja huenda ni incell, yaani LCD, kioo kinachomulikwa na taa ya nyuma, iliyotengenezwa itoshee mahali pa OLED. Elfu sabini huenda ni kubandua kioo cha juu tu na kuacha paneli yako ya zamani, yaani sehemu ya chini inayotoa picha. Hii ya tatu si utapeli kama paneli bado inaonyesha vizuri na tachi inafanya kazi kila mahali. Fundi hupasha simu moto kwenye mashine, hupitisha waya mwembamba kati ya kioo na paneli, husafisha gundi, hubandika kioo kipya kwa gundi angavu na kutoa mapovu kwa mashine ya kubana hewa. Waya ukiingia vibaya, paneli inapata mstari wa kijani au inazimika kabisa. Patana mapema nani atalipa likitokea hilo, na umwulize kama hizo mashine anazo. Asiyekuwa nazo, usimpe.

Incell ndiyo inayowaponza wengi. Simu inarudi ikiwaka vizuri, lakini ukingo umekuwa mnene, chaji inaisha mapema kwa sababu taa ya nyuma inawaka muda wote, na alama ya kidole iliyokuwa chini ya kioo haifanyi kazi tena. Kuitambua ni rahisi: fungua picha nyeusi tupu, mwanga uupandishe mpaka mwisho, uingie chumba chenye giza. OLED itapotea kama imezimwa. LCD itabaki na ukungu wa kijivu.

Mwambie fundi aunganishe kioo na kukiwasha kabla hajakigundisha. Shika ikoni moja uiburute taratibu pande zote mpaka pembeni. Ikikuponyoka mahali palepale mara mbili, tachi ina tatizo. Kwa Samsung, piga \*#0\*# upate ukurasa wa majaribio wenye rangi na tachi. Na kama kioo halisi kinazidi nusu ya bei ambayo simu yako ingeuzwa leo ikiwa nzima, sisi tungeiuza kama spea na kuongezea hela.

Kobalti inatoka Kolwezi, koltani inatoka Rubaya. Mbona sisi wenye madini ndio tunanunua simu kwa bei ghali? Papa D., Lubumbashi

Papa, ukiiona hesabu utaumia zaidi. Kongo inachimba takriban asilimia 70 ya kobalti ya dunia, lakini betri ya simu moja ina gramu chache tu. Tuseme gramu 8, na tuseme kobalti iko dola 40,000 kwa tani, bei ambayo si ya chini. Hizo ni senti 32. Tantali inayotokana na koltani haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu, na thamani yake ni chini ya hapo sana. Kwa hiyo bei ya madini hata ikizidi mara mbili, bei ya simu dukani haitatikisika. Pesa inaanza kukua madini yakishasafishwa, na kobalti nyingi husafishwa China. Inakua tena yakiwa kemikali ya betri, na tena yakiwa betri. Kila hatua kati ya hizo iko nje ya Katanga.

Boksi limeandikwa RAM 16GB lakini jirani ananiambia ni 8. Na kwa nini toleo la 256 linazidi sana lile la 128? Mwanafunzi, Tanga

Jirani yako yuko sahihi. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu. Ukiona 8GB + 8GB, ile nane ya pili ni hifadhi iliyoazimwa kufanya kazi ya RAM, na kasi yake ni ndogo mno ukilinganisha na RAM yenyewe. Linganisha simu kwa namba ya kwanza tu.

Kuhusu hifadhi, hapo ndipo watengenezaji wanapochuma. iPhone X ya GB 64 ilikuwa dola 999 na ya 256 dola 1,149. Chipu ya ziada iligharimu sehemu ndogo ya hizo 150. Ila tangu mwishoni mwa 2025 chipu za kumbukumbu, za RAM na za hifadhi, zimepanda bei kweli, kwa kuwa vituo vya data vya akili mnemba vinazinunua kwa wingi. Simu za bei ya chini zinaumia zaidi, maana kwao kumbukumbu ni fungu kubwa la gharama.

Kabla ya kulipa, piga \*#06#, ulinganishe namba itakayotokea (IMEI, utambulisho wa simu) na ya kwenye boksi, kisha uitume kwa ujumbe kwenda 15090, huduma ya TCRA ya kuhakiki simu.

Simu ya mkopo, elfu na mia tano kwa siku, ina hasara? Mama N., Morogoro

Zidisha kwanza, mama, ndipo uamue. Tuseme simu ni 350,000 taslimu. Unatanguliza 70,000, kisha 1,500 kila siku kwa siku 365. Hizo ni 547,500. Ukijumlisha na kianzio umelipa 617,500. Umekopa 280,000 ukarudisha karibu mara mbili yake. Ndani ya nyongeza hiyo mna riba, kamisheni ya wakala, programu ya kuifunga simu usipolipa, na madeni ya wale waliokimbia.

Uliza mambo mawili kabla ya kusaini: ukimaliza mapema unapunguziwa kiasi gani, na ile programu ya kufunga inaondolewa na nani siku ya mwisho. La pili lipate kwa maandishi. Simu ikibaki na kufuli hilo, hata ukiwa umelipa yote, mnunuzi wa mtumba akiirudisha kwenye hali ya kiwandani itajifunga tena, na ataileta kwako.