Muulize Bi Mkubwa: Ngome ya Yesu ilijengwa na nani hasa?

SWALI

Shikamoo Bi Mkubwa. Mimi ni baba wa watoto watatu, naishi Umoja. Binti yangu wa Gredi ya 6 aliandika kwenye insha yake kwamba Ngome ya Yesu ilianza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593. Mwalimu akaikata kwa kalamu nyekundu, pembeni akaandika, "Vasco da Gama, 1498." Mtoto alilia hadi usiku. Nataka kwenda shuleni, mke wangu anasema nisijiaibishe kwa sababu ya alama moja. Nani ana haki? Halafu, tumejinyima tupate nauli ya Mombasa likizo ya Agosti. Ndani ya hiyo ngome mna kitu cha kuwaonyesha watoto? Jirani yangu alienda, akarudi akasema ni mawe na mizinga, basi.

Baba wa Watatu, Umoja

JIBU

Marahaba, baba. Mpanguse binti yako machozi, haki ni yake. Vasco da Gama alifika Mombasa Aprili 1498, hakupokewa vizuri, akang'oa nanga akaenda Malindi alikokaribishwa. Nguzo yake iko Malindi mpaka leo, na nashuku hiyo nguzo ndiyo inayowachanganya watu. Alifariki huko India mwaka wa 1524. Ngome ikaanza kujengwa 1593. Maiti hapiki chokaa.

Kwa karibu karne nzima Wareno waliiendea Mombasa kwa kuvizia: wanaipiga, wanaichoma, wanaondoka. Waliichoma 1505, wakaichoma tena 1528. Kilichowafanya wajenge ni hofu. Mturuki mmoja, Mir Ali Bey, alikuja pwani mara mbili miaka ya 1580 na watu wa Mombasa wakamfungulia mlango. Hapo ndipo Wareno walipoona kwamba wasipokaa wenyewe, atakaa mwingine. Mchoro ukatolewa na Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, kwa amri ya Mfalme Felipe aliyetawala Uhispania na Ureno kwa pamoja. Ukiitazama ngome kwa juu unaona umbo la mtu aliyelala chali, maana wasanifu wa zama zile waliamini vipimo vya mwili wa binadamu ndivyo vipimo kamili. Waliokata matumbawe na kuyabeba juani hawakuandikwa majina. Na hilo jina la Yesu, ni kwa sababu Wareno walisafiri chini ya bendera ya Shirika la Kristo, shirika la Kikatoliki la mashujaa wa vita.

Shuleni nenda, lakini usiende na kifua. Mwachie mwalimu karatasi yenye miaka hiyo miwili, 1524 na 1593, umwombe aisome akipata nafasi. Mwalimu mwenye watoto hamsini darasani hukosea kama sisi sote.

Sasa hilo la mawe na mizinga. Jirani yako simlaumu, ila limeniuma kidogo, kwa kuwa nimezaliwa Kuze, dakika chache kwa miguu kutoka langoni. Hapa Pangani ya Nairobi nimekaa miaka mingi, lakini mtu akisema "ngomeni" bado nasikia harufu ya bahari na samaki wa kukaanga. Kwetu marehemu bibi yangu hakuiita ngome. Aliiita jela. Waingereza waliigeuza gereza mwaka wa 1895 na ikabaki gereza hadi 1958, na mumewe alikaa mle miezi mitatu kwa kesi ambayo bibi hakukubali hata siku moja itajwe mbele ya wajukuu. Kila Ijumaa alikwenda langoni na mkate wa mofa uliofungwa kwa kitambaa, akauacha kwa askari. Miaka ya 1960 mwanzoni, gereza lilipokwisha kuwa makumbusho, mjomba wangu alimkatia tikiti. Bibi akaigeuza ile karatasi mkononi, mbele na nyuma, akamrudishia. "Nilipe pesa niingie jela?" Mpaka anakufa hakupita lile lango.

Mimi nimelipita mara nyingi, naongeza na zake.

Ukiingia usianze na mizinga, watoto wataikimbilia wenyewe. Watafutie ile michoro ya ukutani ya Wareno, iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu. Ni merikebu, tanga na kamba zake, na watu. Mikono yenyewe haikuwa ya fundi. Ni ya mtu aliyekuwa zamuni, amechoka, anakumbuka kwao. Mwanangu wa kwanza alisimama pale akaniuliza, "Mama, hawa hawakugombezwa kwa kuchora ukuta?"

Kisha nendeni kwenye vyombo vilivyotolewa baharini. Waarabu wa Omani waliizingira ngome kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, miezi 33. Mwaka wa 1697 ilikuja merikebu ya kuokoa, Santo António de Tanná, ikazama papo hapo mbele ya ngome. Wapiga mbizi waliichimbua kati ya 1977 na 1980, na vilivyopatikana vimo humo. Lakini hapa waambie watoto jambo ambalo waongozaji wengine hulipita mbio. Ndani ya ngome maradhi yaliua kuliko risasi. Wareno walipokwisha karibu wote, waliosimama kuta zile zisitekwe walikuwa Bwana Daud wa Faza, mji wa Waswahili kisiwani Pate, na jamaa zake, pamoja na Waafrika waliokuwa mle, wengi wao wanawake. Waswahili wakilinda ngome ya Mreno dhidi ya Mwarabu! Nani alikuwa upande wa nani, hata mimi huwa nachora kwenye karatasi kwanza ndipo nielewe.

Baada ya hapo ni zamu ya Wamazrui, ukoo wenye asili ya Oman, waliokaa humo karne ya 18 na kuikalia Mombasa kama yao mpaka Seyyid Said, mtawala wa Oman na Zanzibar, alipowaondoa 1837. Juu ya buruji moja kuna nyumba ya Kiomani. Pandeni, mtaona paa za Mji wa Kale zimebanana na mkondo wa bahari unapita chini.

Kuhusu safari: treni ya SGR inawashusha Miritini, si mjini, na watu wa Nairobi husahau kuweka nauli ya kutoka pale. Beba kitambulisho. Ngomeni fika asubuhi, jua la saa sita huakisiwa na zile kuta kama bati. Langoni mtakutana na vijana wa kuwatembeza. Ulizeni bei kabla ya hatua ya kwanza, na muulize pia ngome ilijengwa na nani. Akijibu Vasco da Gama, mshukuru, uingie na binti yako akuongoze yeye.